Landrova Iliyovuta Kushoto

Juzi pale Same nilimwona fundi akigusa magurudumu ya gari, moja baada ya jingine, nikamkumbuka baba.

Mchana mmoja, nikiwa bado mtoto, tulikuwa tukimshusha mama kutoka mlimani kwenda hospitali kwa Landrova ya kijiji cha ujamaa. Mama alilaza kichwa mapajani mwangu, akiwaka homa. Gari likaanza kuvuta kushoto, upande wa bonde, na baba akapambana na usukani kona baada ya kona. Harufu ya kuungua ilipozidi, alisimama, akashuka kugusa magurudumu. La mbele kushoto lilimuunguza.

“Breki imekamata, haiachii,” alisema kwa sauti ya kuchoka.

Kisha akaja kumgusa mama kwenye paji la uso. Nikadhani gari nalo lina homa, na anapima nani kazidiwa.

“Baba, tuliache lipumzike?”

“Likipumzika, mwanangu, mama yako atachelewa.”

Akailegeza breki ile, tukashuka polepole kwa gia namba moja.

Muuguzi alipotoka kutuambia kwamba mama atapona, baba alikuwa ameshalala kwenye ngazi za hospitali, mdomo wazi. Nilidhani hajali, nikamnunia mpaka kesho yake.