Friza ya Ndege

Kwenye jumba letu dogo la makumbusho hapa Iringa tuna friza moja. Mtu akisikia friza anawaza samaki na barafu za watoto, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Friza ile ni ya kuua wadudu. Ngozi ya ndege iliyokaushwa ina adui wake, kidudu cha ukubwa wa punje ya ulezi. Mayai yake yakianguliwa ndani ya manyoya, hutoka viwavi wanaokula bila kuinua kichwa, kama wajumbe wa kikao. Dawa ni kuifunga droo nzima kwenye nailoni, kuitia kwenye friza na kuiacha humo mpaka wafe wote, pamoja na mayai. Ukiitoa mapema umewapa likizo tu.

Mimi ndiye mtunzaji wa stoo. Ndege wetu hawajasimama vijitini wakikodoa macho ya kioo. Wamelala chali, mabawa yamekunjwa, matundu ya macho yamejazwa pamba, na kila mmoja ana kikaratasi mguuni kinachosema alipatikana wapi na lini. Wageni wakiwaona wanasikitika, eti hawapendezi. Ala! Nani aliwaambia wamewekwa wapendeze? Watafiti huja kuwapima mabawa na midomo, hukata kipande kidogo cha ngozi ya kidole, wakajua ndege huyu ana undugu na yupi. Mlima alikotoka unaweza kuwa umeshakuwa shamba la viazi, lakini yeye bado anatoa ushahidi.

Mmoja wao alitoka mlima wa kwetu, Mbeya. Mama yangu alimjua tangu usichana wake, alipokuwa akienda kuokota kuni: ndege mdogo, kifua rangi ya kutu, anatembea chini kwenye majani makavu. Msitu ukaisha, ndege naye akaisha, ikabaki hadithi ya mama, na wajukuu humcheka kwamba bibi anatunga. Sasa macho yake yameingia ukungu. Nilipompigia simu kumwambia kwamba nimemwona ndege wake, yuko kwenye droo yetu, alinitaka nirudie mara mbili.

"Nitunzie, mwanangu," akasema. "Pasaka nakuja nimwone kabla sijapofuka. Utanipiga naye picha, hao watoto wakome."

Haikupita muda nikakuta unga laini, dalili ya wadudu, chini ya droo ile ile. Nikaifunga, nikaitia kwenye friza, nikabandika karatasi yenye herufi kubwa: USITOE. Kisha nikaitwa Dodoma kwenye semina ndefu. Semina ya nini? Ya utunzaji wa mikusanyo. Cheti ninacho, kina mpaka muhuri.

Nikiwa huko napigiwa makofi, mkuu wetu akapata habari kwamba mgeni rasmi anakuja. Shughuli ni watu, na watu ni nyama. Ng'ombe akachinjwa mapema, nyama ikahitaji pa kulala. Droo yangu ikatolewa, ikawekwa juu ya kabati ofisini kwa mkuu, karibu na hita, maana Iringa kuna baridi jamani, na mkuu wetu ana huruma. Nilipomuuliza baadaye alinijibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

"Dada, hao ndege walishakufa siku nyingi. Kinachoharibika ni nyama."

Mgeni rasmi mwenyewe hakufika. Alimtuma mwakilishi, akatusomea hotuba ya kuwatunzia watoto wetu urithi wao, akala, akafungiwa na nyingine ya nyumbani. Wenzangu wanasema hotuba ilikuwa nzuri sana.

Nilirudi kutoka semina wiki ya Pasaka, nikafungua nailoni. Manyoya yakamwagika mezani na viwavi wanene wakijinyonganyonga katikati yake, wameshiba, hawana wasiwasi na mtu. Ndege wa kwetu alibaki miguu miwili, bawa moja na kikaratasi. Nililia kwa hasira, kamasi na machozi. Nikataka kumpigia mama asije, lakini basi lake lilikuwa limeshatoka Mbeya, limeshapita Igawa.

Nilimwambia ukweli wote hata kabla hajakaa: friza, ng'ombe, hita. Mama akaomba aone kilichobaki. Nikampa kwenye sahani, akakisogeza karibu na pua, akapapasa lile bawa kwa kidole.

"Ni huyu," akasema. "Mimi sikutunga."

Mara mkuu akaingia, tabasamu limemjaa uso. "Shikamoo, mama! Karibu sana Iringa."

"Marahaba, baba. Nasikia mlikuwa na shughuli hapa. Nyama ilitosha?"

Mkuu akachangamka. "Ee mama, ilitosha mpaka ikabaki! Umechelewa tu, ungekula ukasaza."

"Nimechelewa kweli," mama akasema, akamnyooshea ile sahani. "Ona, mmenibakizia miguu."