Kamera ya Kwenda Nayo Ukweni

Watu wengi hapa Itaka wameniuliza mkulima wa kahawa ana kazi gani na kamera kubwa kama ya mwandishi wa habari. Kanisani nimeulizwa, mashineni nimeulizwa, hata mtu aliyekuja kununua mbuzi aliniuliza kabla hajamtazama mbuzi. Naandika safari yenyewe ilivyokuwa, kutoka hadi kurudi, ili jibu liwe moja kwa wote.

Mke wangu Eliza alifariki mwanzoni mwa mvua za mwaka jana. Picha iliyowekwa juu ya jeneza lake ilitolewa kwenye simu ya binti yetu Tumaini, ikakuzwa. Ilipokuzwa ikawa chenga tupu. Macho yake yalikuwa vidoa viwili, na tabasamu lake ungeweza kudhani ni kovu. Miezi michache baadaye simu ile ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, na picha nyingine zote zikaenda nayo.

Mwezi wa saba mwaka huu, shemeji yangu Lameki, kaka yake Eliza, alinipigia kutoka Ndalambo.

"Mama ana ujumbe wako," alisema. "Anataka apigwe picha akiwa bado anasimama. Anasema hataki kuzikwa na picha ya chenga kama mwanawe."

"Ni haki yake. Mtafutieni mpiga picha."

"Anataka upige wewe. Anasema aliyemuuguza binti yake ndiye atakayempiga picha mama yake."

"Lameki, mimi nitampigaje picha mama?"

"Hapo ndipo na mimi nilipocheka," alisema.

Kwa msomaji asiyejua mambo ya huko, nieleze. Ukweni kwangu ni kwa Wanamwanga, na mama mkwe wangu anashika heshima ya zamani. Mkwe wa kiume hamsogelei mama wa mkewe. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Jina lake mkwe halitaji, ndiyo maana sitaliandika hapa. Wakikutana njiani mmoja anaiacha njia, na wakiwa na la kuambiana wanapitia kwa mtu wa katikati. Vijana wengi wameacha mambo hayo. Yeye hajaacha. Miaka yote ya ndoa yangu nilimjua mama yule kwa mgongo, kwa kitenge alichojifunika mpaka kwenye paji la uso, na kwa sauti. Sauti yake na ya Eliza huwezi kuzitofautisha.

Mwezi wa nane, baada ya kahawa kulipwa, nilitoka Itaka alfajiri kwa bodaboda. Baridi ilikuwa kali na ukungu umelala juu ya mibuni, nami nimevaa koti la Eliza kwa ndani kwa sababu lina joto kuliko langu. Mlowo nilipanda Coaster, nikakaa dirishani. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya mbali tangu msiba, na sitaficha, tulipopita Vwawa jua likatoka, nilijikuta napiga mluzi. Nilinyamaza upesi nikitazama kama kuna anayenijua.

Tunduma niliingia asubuhi malori yakiwa yamepanga mstari kwenda mpakani. Niliulizia duka la kamera nikaelekezwa kwa mwanamke anayeitwa Mama Suzi, anayeuza kamera zilizotumika na kusafisha picha kwenye chumba kimoja chenye mashine.

"Mwaiseni, baba," alinikaribisha, maana Tunduma salamu ya ng'ambo ya mpaka ni ya kila mtu. "Ingia. Kuangalia hatutozi."

Nilimwambia nataka kamera ya kumpiga picha mama wa mke wangu.

"Wewe ni mkwe mwema. Wangu hata vocha hajawahi kunitumia."

Aliweka mbili juu ya meza. Moja ilikuwa ndogo, ya rangi ya fedha, nyembamba kama sabuni ya kuogea iliyotumika nusu. Nyingine ilikuwa nyeusi, nzito, yenye lenzi iliyochomoza mbele kama mdomo.

"Hii ndogo unaitia mfuko wa shati," alisema. "Unaitoa, unabonyeza, unairudisha. Haikuulizi maswali. Hii kubwa ni DSLR. Siyo ile ya mafundi wa harusi, ni ya mtu anayeanza, lakini nayo inataka ujifunze. Ukiwa mvivu, itakupa picha kama za simu halafu shingo ikuume bure."

"Ungekuwa mimi?"

"Ningekuwa wewe ningekuwa na ndevu. Chagua, baba."

Nilichagua ndogo. Sababu yangu sikumwambia. Niliona kwamba mtu mwenye msiba akipita mjini na dude lile jeusi kifuani ataonekana yuko kwenye sherehe. Ile ndogo ilinifaa kwa kuwa ingeweza kufichwa. Nilinunua pia kitenge kipya cha mama, sukari na sabuni, nikaenda stendi kungoja gari la Ndalambo.

Stendi nikaona nijaribu. Ng'ambo ya barabara alikaa mama mmoja anauza karanga. Nilipomtazama nikagundua umbali ule naujua. Ni kama kutoka mlango wa jiko la mama mkwe hadi kwenye kihenge cha mahindi, mahali ninapowekewa kigoda kila niendapo. Niliomba ruhusa kwa ishara, akakubali kwa kichwa, nikabonyeza. Kamera ilifikiri kwanza, ndipo ikapiga. Kwenye kioo chake yule mama alikuwa mdogo kama moja ya karanga zake. Nilivuta, akasogea kidogo. Nilivuta hadi mwisho, akasogea tena, lakini uso ukavunjika chenga.

Zilikuwa chenga zilezile za jeneza.

Nilirudi kwa Mama Suzi.

"Imeharibika?" aliuliza.

"Haijaharibika. Mimi ndiye sikukwambia yote." Nikamweleza habari ya mama mkwe, kihenge na kigoda.

Alicheka mpaka akakalia boksi. "Baba, ungesema mapema kwamba unanunua umbali."

Akanipa ile kubwa nichungulie. Hiyo huna haja ya kutazama kioo cha nyuma, unaweka jicho kwenye tundu dogo. Nilichungulia barabarani, na mama wa karanga alikuwa mbali vilevile. Nilimwambia ukweli, kwamba sioni tofauti.

"Ngoja basi. Hiyo ni lenzi yake fupi." Aliishika lenzi, akaizungusha ikatoka kama mfuniko wa chupa ya chai. Kutoka kabatini akatoa nyingine, ndefu, akaifunga mahali pake. "Ile ndogo jicho lake limegandishwa. Hii unang'oa jicho unaweka jingine. Hapo ndipo zilipoachana. Chungulia sasa."

Nilichungulia. Mama wa karanga alikuwa amekuja mbele yangu. Niliona ganda jekundu la karanga mdomoni mwake. Kisha akajikuna pua, nami nikashusha kamera kwa haya, kama nimeingia chumbani kwa mtu bila hodi.

Nilirudisha ile ndogo, nikaongeza tofauti kwa fedha niliyokuwa nimeitenga kwa bati za jiko. Mama Suzi alinifundisha kusubiri mlio mdogo wa kamera kabla ya kubonyeza hadi chini, na kubana viwiko mbavuni, kwa kuwa lenzi ndefu haipendi mikono inayotetemeka. Betri aliichaji nikinywa chai.

Ndalambo nilifika jua likielekea kushuka. Mahindi yalikuwa yameshavunwa na nchi imekaa wazi, kila nyumba na vihenge vyake. Lameki alinipokea mzigo, akaiona kamera.

"Shemeji, hii ni kamera au bomba la kupulizia mibuni?"

"Ni ya kumpulizia mama yako."

Niliwekewa kigoda changu kwenye kihenge. Baada ya muda sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa jiko, nikashtuka kama kawaida, maana ni sauti ya Eliza.

"Lameki, mwulize mkwe kama wajukuu zangu hawajambo."

"Anauliza wajukuu hawajambo?"

"Mwambie hawajambo, wanampa shikamoo."

"Mama, wanakupa shikamoo."

"Marahaba. Mwulize barabara ilikuwaje."

"Mnasikiana vizuri kabisa," Lameki alisema, "mnachonichoshea ni nini?" Lakini aliuliza, na akanijibia, mpaka chakula kikaja.

Asubuhi iliyofuata uwanja ulifagiwa kama siku ya Krismasi. Majirani walijipanga kando ya ukuta, wanawake wakisema wamekuja kuazima chumvi, wote kwa pamoja. Nilisimama kwenye kihenge, viwiko mbavuni. Mama mkwe alitoka amevaa kitenge kipya nilichomletea, na amekivuta mpaka puani.

"Mama, atapiga picha ya kitenge," alisema Lameki. "Picha ya kitenge ipo dukani."

"Kwanza mwulize. Ananiona?"

Lameki akanigeukia. "Anauliza unamwona?"

Adabu ilitaka niseme simwoni. Lakini nilikuwa naona hata mshono wa kitenge. "Mwambie kamera inamwona," nilisema.

Wale wa chumvi waliangua kicheko. Kitenge kilitikisika kidogo.

"Na mwenye kamera?" sauti iliuliza.

Lameki alinitazama bila kuliuliza tena swali. Niliona nikikosea, mama ataingia ndani, na sitapata tena siku kama hiyo. Niliona pia kwamba mtu niliyesafiri kote huko kumtazama hastahili kuambiwa uongo.

"Naye anamwona," nilisema. "Siwezi kumdanganya."

Kisha mama alisema, "Basi mwambieni atalipa faini ya kuku," akacheka. Alicheka kwa mwili wote mpaka kitenge kikaanguka mabegani.

Jicho la kushoto lilitangulia kufumba, la kulia likafuata. Kichwa kiliinama upande. Mkono ulikwenda shingoni kana kwamba kuna kifungo cha kufunga. Nilikuwa nimeishi na kicheko hicho nusu ya umri wangu, nikakifukia mwaka jana, na kumbe kilikuwa Ndalambo muda wote, mbele ya kigoda changu, kimefunikwa kitenge. Nilingoja mlio mdogo, nikabonyeza. Nikabonyeza tena na tena.

Nilibaki na jicho kwenye tundu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kamera kubwa ina faida nyingine ambayo Mama Suzi hakuitaja: inafunika uso wa anayepiga.

Niliposhusha, mama alikuwa amejifunika tena, lakini hakuwa amemaliza. "Lameki, lilete hilo bomba. Kama yeye ameniona, na mimi nimwone."

Lameki alilibeba kuvuka uwanja, akamwonyesha pa kuweka jicho na pa kubonyeza. Nilisimama wima, mikono ubavuni, kama watu wa zamani wanavyosimama kwenye picha. Alinichungulia kwa muda.

"Amekonda," alisema. "Binti yangu alikuwa akiniambia ana mume mnene."

"Alikuwa anakutania, mama," alisema Lameki.

"Hapana, alikuwa mnene, hata mgongo wake niliuona. Mwambie ale. Na mwambie acheke, sipigi picha ya msiba hapa."

Lameki hakuhitaji kuniambia. Nilikuwa nacheka tayari.

Mchana niliununua uhuru wangu kwa kuku wa jirani, nikampeleka kwa Lameki, naye akampeleka jikoni. Jioni yule kuku alirudi kwenye kihenge akiwa amepikwa kwa karanga, na maagizo kwamba nisibakize.

Kesho yake, nikirudi, nilishuka Tunduma kusafisha picha. Mama Suzi alipoiona ya mama ikitoka kwenye mashine aliishika kwa ncha za vidole.

"Huyu anacheka na nani?"

"Na mimi."

"Pamoja na umbali wenu wote?"

Ile yangu ilitoka imeinama, nusu yake ni kihenge. Alitaka kuikata ili kihenge kitoke, nikakataa. Macho yangu yalikuwa macho, siyo vidoa.

Itaka nilifika giza likianza kuingia. Tumaini aliipokea picha ya bibi yake, akakaa nayo mlangoni penye mwanga wa mwisho.

"Baba, huyu ni mama."

"Ni bibi yako."

"Najua. Lakini ni mama akiwa mzee."

Nilikuwa nimeuona uzee ambao mke wangu hakuufikia, na ulikuwa mzuri.

Basi mnaoniuliza, jibu ndilo hilo. Akija mtu kwangu kutaka ushauri wa kamera, simwulizi ana fedha kiasi gani wala anataka kuonekanaje. Namwuliza mtu anayetaka kumpiga picha anakaa umbali gani naye. Kama ni mtu unayeweza kukaa naye kitanda kimoja ukila naye karanga, chukua ile ndogo, itakufaa na hutachoka shingo. Mimi wa namna hiyo sinaye tena. Waliobaki nawapenda kwa mbali kidogo, na hao wanataka lenzi ndefu.

Jumapili Tumaini alileta nyundo na misumari miwili. Aliniuliza picha ya bibi na yangu azitundike vipi, zigusane?

"Zisigusane," nilimwambia. "Yule ni mama mkwe wangu. Acha nafasi katikati."

"Nafasi kiasi gani?"

"Ya mtu mmoja."

Aligeuka akanitazama, kisha akapima ukuta kwa mabega yake mwenyewe, akagonga msumari.