Sahani Mbili Bila Chumvi

Mbwa wetu alianza kukohoa kama mzee mvuta tumbaku, na mimi, mjinga, nikadhani amekwamwa na mwiba. Hapa mjini Baraka, mbwa akikohoa ni mwiba wa samaki, nani angewaza kingine? Lakini siku aliyokaa chini katikati ya njia ya ziwani, ulimi nje, akashindwa kunyanyuka, niliogopa vibaya. Nikamuita docta wa mifugo, aliyekuwa ameteremka kutoka kwa ng'ombe wa Minembwe, kule milimani. Alimsikiliza kifuani muda mrefu.

"Moyo yake imechoka."

Mama alicheka mpaka akashika mlango. "Mbwa naye iko na ugonjwa wa moyo? Anahangaikia nini? Hata minerval ya masomo ya batoto halipe!"

Docta akaagiza vidonge vya kumkojoza, vya kila siku. Na chumvi, hapana kabisa.

Chumvi hapana! Sisi tunaoanika uani ndagala, visamaki vya chumvi! Mama mwenyewe ana tension, shinikizo la damu, na docta wa watu alishamkataza chumvi zamani. Mama alimjibu kwamba chakula cha namna hiyo ni cha wafungwa.

Basi nikawa ninampikia mbwa peke yake, bugali na samaki mbichi. Kidonge nilikificha ndani ya tonge. Alimeza tonge, akakiacha kidonge chini, kisafi utadhani kimeoshwa. Nikakihamishia kwenye kichwa cha samaki, hapo nikamshinda. Kikohozi kikapungua.

Kisha ghafla tumbo likamvimba, pumzi ikawa ya shida. Nilidhani ninampoteza. Mchana ule nikamkuta mama mezani, mkono chini ya meza, anamlisha ndagala za sahani yake.

"Mama! Unamuua!"

"Ah! Mi nikule kitamu, mugonjwa ananiangalia? Sikufundishwa vile."

Kweli, kwetu huli mbele ya mgonjwa bila kumgawia. Lakini nilikuwa nimekasirika, na hasira zangu zinajulikana mtaa mzima.

"Basi na we ukule bila chumvi!"

Mama akamtazama mbwa, ambaye tangu baba afariki hulala mlangoni kwake.

"Pika sufuria moja," alisema.

Siku ya kwanza alikunja uso hivi kwamba nilitoka nje nicheke. Akala hata hivyo, tonge lake, tonge la mwenzake. Tumbo la mbwa likashuka polepole. Sasa anakwenda tena ziwani, taratibu, na kwa nguvu za vile vidonge anakojolea kila ua njiani. Majirani wananitukana, mimi nafurahi tu.

Juzi nilimpeleka mama kupimwa. Muuguzi alitazama kipimo, akapima tena: tension imeshuka.

"Mama, unakunywa dawa gani?"

"Mbwa," alijibu, huku ameshasimama. Akanivuta mkono. "Twende mbio. Mwenzangu hawezi kula kama mi siko."