Gunia la Kufumua

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha Mwanza, barazani kwa Mhindi, baba alikokuwa akishona. Kila ugonjwa wa akili ulipompanda mama, alifumua chochote alichoshona baba. Siku alipofumua kaptula za karani wa boma la serikali, baba mkubwa alikuja juu: "Mama yake alikuwa hivi hivi. Ni damu yao. Mrudishe kwao, turudishiwe ng'ombe!"

"Ng'ombe wabaki huko huko, kaka," baba alijibu. "Mimi nilioa mtu."

Kisha akamwekea mama gunia tupu la unga mapajani. "Fumua hili, mama watoto. Kesho nitalishona tena." Mama akafumua taratibu, mpaka mikono yake ikaacha kutetemeka.

Leo asubuhi mume wangu alikuwa anaitia mafuta cherehani yetu. Akaitazama mikono yangu, akaenda stoo, akarudi na gunia.