Kipira cha Mpingo

Mama yangu alimvunja mwanamke mwenzake meno mawili kwa kata ya maji. Ilikuwa kwenye chemchemi ya bondeni, chini ya Newala, maji yanatoka kidogo kidogo kama jasho na foleni imepanda mpaka njiani. Yule mwanamke akasogeza mtungi wake mbele. Mama akapiga tu. Yule naye akamng'ata sikio, na tulipanda mlima damu ikimshuka mama shingoni, mtungi umetulia kichwani, hakumwaga hata tone. Watu wanadhani sisi wa juu ni wapole. Kiu haina upole.

Basi kwa ajili ya shida hiyo ya maji, nilipokuwa mtu mzima mwenye mke, nami nikawa mtu wa maana. Niliendesha lori lililoshusha korosho Masasi na kurudi na mapipa ya maji. Shule nilifika darasa la pili, pale misheni. Mwalimu alinichapa kwa kuandika na mkono wa kushoto, nikamng'ata, nikafukuzwa. Labda kung'ata ni kwa ukoo, sijui. Nisipotee.

Lori lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Masasi. Lilikuwa kuukuu, la kuwashwa kwa kuzungusha hendeli ya chuma kwa mbele, na siku moja hendeli ilinirudi ikanivunja kiwiko. Mpaka leo mkono haunyooki. Nililipenda hivyo hivyo. Breki zake zilivutwa na vyuma virefu kutoka kwenye pedali mpaka magurudumuni, na pale vyuma vilipolika, mchongaji mmoja wa Chilangala alinichongea bushi za mpingo, vile vipete vinavyoshika vyuma visicheze. Ukiupaka nta, mpingo ule ulimaliza msimu. Kwetu mtu hangoji meli ya vipuri wakati jirani yake ana patasi.

Halafu likaja jipya, la kiwanda kile kile. La kuwashwa kwa kubonyeza, na breki zake za mafuta, unagusa kwa kidole cha mguu linasimama. Akapewa mume wa dada yangu, mtu wa Nanganga. Kila tukipishana alipunguza mwendo aniulize kama babu yangu ameamka vizuri, yaani lori. Nilimjibu kwamba mtoto asiyejua kupigwa hajakua. Tulicheka. Ushemeji ndivyo ulivyo.

Ila bosi alikuwa amepata barua. Kiwanda kimeacha kutengeneza lile la zamani, na vipuri vyake vinaishia hapo. Akaniambia msimu ukiisha litakatwa chuma, nami nitafute kazi nyingine, maana la vibonyezo siliwezi. Kwenye kibanda cha chai watu walibishana sana. Wengine walisema la zamani lizikwe, mtu havai magome wakati kuna kaniki. Mimi nilisema, na leo nasema, kiwanda kingetengeneza yote mawili. Jipya liende kwenye lami yao, la zamani tuachiwe sisi wenye mawe na mchanga, tunaolijua mpaka tumbo. Mtu akikuletea kipya akakuondolea cha zamani siku hiyo hiyo, mikono yako inabaki na akili ya jana.

Niseme ukweli. Kipira cha breki cha lile jipya, kile kinachoziba mafuta yasivuje, kilipochanika, nilifurahi. Lilikuwa Newala, limepakiwa korosho juu mpaka pomoni, na kipira kingine kiko pwani, siku nane au tisa. Bosi akafoka. Nami nikaona mlango wangu. Nikamwambia aniachie, ili aone ufundi wa lori la zamani bado unafaa, asilikate. Nikaenda Chilangala, mchongaji akachonga kipira cha mpingo, mviringo safi, tukakipaka nta tukakipachika. Shemeji akakanyaga mara tatu pale uani, likashika.

"Shemeji," akasema, "leo wewe ndiye kiwanda."

Lori ni lori, ndivyo nilivyodhani. Sikujua kwamba kwenye chuma mpingo unabeba, lakini mafuta yakipata moto yanaupita pembeni kama haupo.

Nilikuwa nyuma yake na lori langu kwenye mteremko wa kwenda Masasi. Kona ya kwanza alipita, ya pili akapita kasi. Wapakiaji wawili waliokaa juu ya magunia wakaruka, mmoja akaangukia jiwe kwa kichwa na hakutikisika tena. Lori likauparamia mwamba. Magunia yakapasuka, korosho zikamwagika kwenye damu. Usukani ulikuwa umeingia kifuani kwa shemeji. Niling'oa mlango kwa hendeli, nikavuta, akalia, nikaacha kuvuta.

"Mwambie dada yako nilikanyaga," akasema. Akafa nimemshika shati.

Baada ya matanga kaka za shemeji walitoka Nanganga na mashoka na nyundo za kuvunjia mawe. Walinikuta uani kwa bosi, nimelala chini ya lori langu nafunga boliti. Wakanivuta miguu.

"Hili ndilo lililokufundisha," mkubwa wao akasema, akaishusha nyundo kwenye boneti.

Nilimpiga mmoja na hendeli, nikasikia mtulinga ukikatika. Wakaniangukia wote. Walinivunja mbavu, wakanifumba jicho, kisha wakaniacha nitazame kwa lile lililobaki. Walivunja taa, wakapasua rejeta, wakakata mbao za bodi moja moja, na vile vyuma vya breki wakavipinda mpaka bushi zangu zikaruka vipande. Bosi alisimama barazani akiwatazama. Alikuwa anakatiwa chuma bure.

Walipoondoka akaja akasimama juu yangu. Akasema kipira cha kweli kimefika, lile jipya linanyooshwa, na kwa kuwa dereva hayupo, Jumatatu nitaliendesha mimi, atanifundisha vibonyezo.

Nilijishika kwenye ukuta mpaka nikasimama. Nikatoka uani, nikashika barabara ya Newala kwa miguu, na sikurudi.