Binti Yangu na Kipaza Sauti cha Msikiti

Mimi ni mwepesi wa hasira, wala sifichi. Siku walipofunga kipaza sauti kipya msikitini kwetu Tiwi, kikaelekea dirisha letu moja kwa moja, nilikuwa wa kwanza kufurahi. Nilisema sasa hata wenye usingizi wa pono wataamka alfajiri. Kumbe siku ile ndiyo mateso ya binti yangu yalianza. Alikuwa na miaka sita.

Adhana ikianza tu, aliacha alichoshika akakimbilia chumba cha ndani, akajikunyata ukutani, viganja vimeyabana masikio. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikamwambia aache mchezo. Baada ya wiki nilikuwa nikimbandua mikono kwa nguvu, yeye analia, mimi ninafoka, "Sikiliza! Unaitiwa sala hapo, si honi ya bodaboda!"

Wifi yangu, dada wa mume wangu, tunakaa naye ua mmoja. Siku alipoyaona hayo alishika mdomo. "Wifi," akaninong'oneza, "mtoto anayekimbia adhana si bure. Ana kitu."

Kwetu hakuna anayeuliza kitu gani. Shetani ndiye asiyeistahimili adhana, hilo tunalijua tangu utotoni. Niliogopa, wallahi. Nikaanza kukumbuka na mengine: gauni la Idi alilolivua kwa sababu lebo ya shingoni "inauma", namna anavyolia akichanwa nywele utadhani anachinjwa, dagaa ambao harufu yake tu humfukuza jikoni. Yote nikayatia kapu moja.

Halafu maalim wa chuo cha Kurani, alikokuwa akisoma kila alasiri, akaniita pembeni. Alisema kwa upole, lakini alisema. "Mama, hata hapa adhana ikianza hukimbia, na wenzake wameanza kumwogopa. Mtibuni kwanza, kisha mrudisheni."

Hapo moyo ulinipasuka. Mtoto yule alikipenda chuo kuliko chakula. Na nilijua kwamba asiporudi, jina la mtoto wa mashetani lingemganda mpaka siku ya kuolewa, kama angepatikana wa kumwoa.

Tukamfanyia kombe. Aya ziliandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi, akapewa anywe. Marashi yalipomfika puani tu, alitapika juu ya leso yangu.

"Umeona?" wifi akapiga makofi. "Kinakataa hicho!"

Siku saba tulimnywesha, siku saba alitapika, na kila siku sisi wawili tukazidi kuwa na hakika. Mume wangu, mtu wa maneno machache, ndiye aliyesema, "Basi si apimwe masikio kwanza?"

Nikampeleka hospitali, huko Msambweni, shingo upande. Masikio yalikuwa mazima. Tukaelekezwa kwa dada mmoja anayeshughulika na watoto wenye shida kama hizi. Hakumgusa mtoto. Aliniuliza mimi: mashine ya kusaga unga anaivumilia? Nikasema la, humwacha mbali, na mtu wa kumshika, ndipo niingie. Soksi je? Havai. Na akikumbatiwa kwa nguvu? Ah, hilo anapenda. Kila siku huniomba nimkaze leso mwili mzima ndipo alale.

Akanieleza taratibu kwamba wapo watoto ambao sauti, harufu na mguso huwafikia vikali kupita kiasi. Lebo ambayo mimi ninaisahau nikishavaa, yeye humkwaruza mchana kutwa. Si ukaidi, si deko, na masikio hayana ugonjwa wowote. Nikakumbuka zile siku saba za marashi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nyumbani wifi hakutaka kusikia. Hasira zikanipanda. "Mbona na mashine ya unga anaikimbia? Kwani mashine nayo inaadhini?" Akaokota ufagio, akaenda kufagia upande wake wa ua.

Lakini mwenye chuo ni maalim, si wifi. Kesho yake nilimshika mtoto mkono, nikaenda nikamweleza yote. Alisikiliza, akashika ndevu.

"Alipozaliwa aliadhiniwa sikioni?"

"Aliadhiniwa, maalim. Na babake."

"Alilia?"

"Hakulia."

Akachutama mbele ya binti yangu, wenzake wakichungulia, akaanza kuadhini kwa sauti ndogo, ile ya kuadhinia mtoto mchanga. Mikono ya mtoto haikuondoka mapajani. Kisha nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa akiitikia, neno baada ya neno, hata pale pa "njooni kwenye sala", ambapo itikio hubadilika na watu wazima wengi hukosea. Hakukosea hata moja.

"Nani amekufundisha? Hapa hatujafika huko," maalim akamuuliza.

"Nilimsikia baba akiitikia. Na mimi huitikia nyumbani."

"Nyumbani si huziba masikio?"

"Ndiyo. Nikiziba inakuwa ndogo, ndipo ninayasikia maneno. Mama akinitoa mikono inakuwa kelele tu. Sisikii kitu."

Maalim alimwonyesha mahali pa kukaa mkekani, mbali na dirisha, naye akaenda akakaa bila kugeuka. Mimi nilibaki mlangoni na viatu vyake mkononi, ninalia mbele ya watoto wa watu. Miezi yote ile nilidhani ninamrudisha kwa Mungu, na kila nilipombandua mikono ndipo nilipokuwa nikimkatiza.