Siku Ngombe ya Mahari Yangu Iliingia kwa Jirani

Miye ndiye ule mwanamuke wa mutaa wa Saio aliyepuliza trompeti mbele ya bakwe zake na mutoto mugongoni, na kama munapenda kucheka muchekeni sasa, juu nikimaliza kuandika hii sitaki kuisikia tena.

Miaka tatu nilikaa kwa Faustin, barabara moja na wazazi wangu, bila mahari (mutoto tayari anatembea, na mama yangu ananiita "mugeni wa Faustin" mbele ya watu). Ile siku ya posho, ndiyo jumamosi, familia yake ikaleta ngombe ya mwisho kutoka Marabo. Sasa kwetu ngombe ya mahari haivutwi kwa kamba: inapita mulango wa parseli, kiwanja ya wazazi wa binti, kwa miguu yake yenyewe, wajomba wakiangalia, na ikishaingia, ndoa imesimama. Ngombe ikafika mbele ya mulango, ikalala. Wakaipigia miluzi, wakaionyesha majani, wapi. Mujomba wangu mukubwa akaanza kutafuta kofia yake, akisema isipoingia irudi Marabo, na mahari irudi nayo.

Ningenyamaza tu. Lakini niko na diplome, na ile wiki nilikuwa ninasoma maajabu kwenye telefone: pweza iko na mioyo tatu, wachoraji wa zamani walipata rangi nyekundu kwa kusaga vidudu, na ngombe inapenda muziki, ukiipulizia trompeti polepole inakuja yenyewe. Fanfari ya kanisa, wale wa trompeti na ngoma, ilikuwa inajizoeza pale karibu. Nikamuita Jonas, mupiga trompeti.

Akapuliza. Ngombe ikasimama. Nikawageukia wajomba sawa profesere. Kumbe telefone haikusema kama ngombe inamufuata mwenye kupuliza, na Jonas naye hakusema kama anaogopa ngombe. Akaanza kurudi nyuma, na miye mujinga ninamukemea asiache kupuliza, anapuliza, anarudi nyuma, anapuliza, anarudi nyuma, mpaka akaingia parseli ya ngambo ya barabara, kwa Mama Vumilia, mujane wa miaka sabini na kitu, na ngombe yangu nyuma yake, kwa miguu yake yenyewe. Jonas akatupa trompeti, akapanda juu ya paa ya jiko.

Mujomba akavua miwani.

"Imeingia," akasema.

Mama Vumilia akaacha majani ya sombe aliyokuwa anatwanga, akafunga kitambaa vizuri kichwani. "Bakwe zangu, karibuni. Bwana yangu ni yupi?"

Faustin akainua mukono. (Akainua mukono! Na mukono mwingine unashika telefone, anafilimu.)

Jonas akakataa kushuka. Nikaokota trompeti kati ya kuku. Miye sijapuliza hata firimbi; sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi inayozaa, mutoto mugongoni akaitikia sauti ile ile, lakini ngombe ikasimamisha masikio, ikanifuata. Nikavuka barabara kinyumenyume, kikwembe kiunoni kinafunguka, sina mukono wa kukishika, mpaka ndani ya mulango wetu.

Wajomba wakakaa shauri muda murefu.

"Hatujaona bado bibi harusi anajiletea mahari mwenyewe," mujomba akasema. "Lakini imeingia kwa miguu. Tumepokea."

Basi niko muke wa ndoa. Na kila asubui Mama Vumilia anaita kutoka ngambo, "Muke mwenzangu, bwana yetu ameamuka?" na Faustin, ule mupumbavu, anamuitikia. Miye tangu ile siku mutu akiniuliza hata jua linatokea upande gani, ninamujibu sijui, nenda uulize mujomba.